Kumpima Mtu Usiyeweza Kumtibu

Je, ni haki kumpima mtu ugonjwa ambao unajua huna dawa yake? Swali hili si la kubuni. Kila mara watu wa afya wanapopita hapa Lobule na mashine ya presha na vile vikaratasi vya kuchovya kwenye mkojo, kuna nyumba zinazofunga mlango. Si kwa ujinga. Wana hoja, na hoja yao ni nzito kuliko wafanyakazi wengi wa mashirika wanavyodhani. Wanasema hivi: ukiniambia figo zangu zimechoka, halafu mashine ya kusafisha damu iko Kampala, na mi sina hata nauli ya kufika Arua, umenipa nini? Jana nilikuwa maskini anayelala usingizi, leo ni maskini asiyelala.

Mimi nafanya kazi na vijana, si daktari, na shule niliishia sekondari. Lakini swali hili limenikaa kichwani muda mrefu, na katika kusoma nimekuta kwamba watafiti wa figo wamepambana nalo tangu siku ya kwanza matibabu yalipopatikana. Kwa hiyo nitalifuata kupitia kazi yao.

Kwanza figo zenyewe, kwa ufupi. Ni mbili, kila moja kama ngumi ya mtu mzima. Zinachuja damu, zinatoa uchafu na maji yaliyozidi kupitia mkojo, zinasawazisha chumvi, zinasaidia kuongoza presha. Ubaya wake ni uvumilivu. Figo zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake na mwenye nazo bado analima, anacheza mpira, anabeba jerikeni la maji bila kuhisi chochote. Siku anapoanza kuvimba miguu, kutapika na kukosa pumzi, mara nyingi amekwisha kufika mwisho wa njia. Na mwisho wa njia kuna mambo mawili tu ya kumrudisha: kupandikizwa figo ya mtu mwingine, au dialisisi, yaani damu kupitishwa kwenye mashine ikasafishwa. Kawaida ni mara tatu kwa wiki, karibu saa nne kila mara, maisha yako yote.

Upandikizaji wa kwanza wa figo katika Uganda ulifanyika Mulago Desemba 2023, juzi tu. Dialisisi ya serikali imetegemea zaidi hospitali ya Kiruddu, Kampala. Toka Arua mpaka Kampala ni karibu kilomita 500, na sisi wa Koboko tunaongeza nyingine hamsini na zaidi. Mara tatu kwa wiki. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa, mtu aliyelileta tatizo hili duniani alikuwa daktari mwema. Jina lake Belding Scribner, wa Seattle, Marekani. Mashine ilikuwepo kabla yake: Mholanzi mmoja, Willem Kolff, aliitengeneza wakati wa Vita Kuu ya Pili, nchi yake ikiwa mikononi mwa Wajerumani, akatumia utando mwembamba wa kufungia soseji kama kichujio. Lakini mashine ya Kolff ilimfaa tu mtu ambaye figo zake zimezima kwa siku chache kisha zikaamka, kwa sababu kila safari ya kusafisha damu iliharibu sehemu ya mshipa, na mishipa ya mtu ina mwisho. Mwaka 1960 Scribner alibuni mrija mdogo wa Teflon unaounganisha mshipa unaoleta damu mkononi na ule unaoirudisha, ukabaki hapo hapo siku zote. Basi damu ingeweza kusafishwa tena na tena. Mgonjwa wa kwanza, fundi mitambo Clyde Shields, alikuwa mtu wa kufa muda wowote. Aliishi miaka 11 zaidi. (Huyu Scribner alikaa kwenye nyumba inayoelea juu ya maji na kwenda kazini kwa mtumbwi. Ndugu zetu wa Rhino Camp walio karibu na Nile wangemwona mtu wa kawaida kabisa.)

Kabla ya mrija ule, hakuna aliyekuwa na lawama. Figo zikifa, mtu anafa, ni kazi ya Mungu. Baada ya mrija, kufa kukawa uamuzi wa watu. Kituo cha Seattle kilichofunguliwa 1962 kilikuwa na mashine chache na wagonjwa wengi, na gharama yake ilikuwa kubwa sana. Wakaunda kamati ya watu saba ambao majina yao hayakutangazwa: mchungaji, mwanasheria, mtu wa benki, mama wa nyumbani, ofisa wa serikali, kiongozi wa wafanyakazi na daktari mpasuaji. Hao ndio walioamua nani aingie kwenye mashine. Novemba 1962 mwandishi Shana Alexander akaeleza habari yao katika gazeti la Life, na watu wengi wakashtuka. Kumbe walikuwa wanatazama kama mtu ameoa, ana watoto wangapi, ana kipato gani, amesoma kiasi gani, anakwenda kanisani au haendi. Mtu asiye na familia wala kazi ya kueleweka alikuwa na nafasi ndogo. Nikisoma hapo najiuliza: mimi, kijana wa Kongo ninayeishi kwenye ardhi niliyopewa nikae, ningepata alama ngapi mbele ya wale saba?

Scribner mwenyewe hakutulia na jambo hilo. Mwaka 1964 alisimama mbele ya madaktari wenzake wa viungo vya bandia akazungumza waziwazi kuhusu haya: nani achaguliwe, nani aachwe, na mgonjwa akichoka na mashine afanyweje. Marekani ikaja kulimaliza kwa pesa: mwaka 1972 bunge lao likapitisha sheria kwamba serikali ilipie matibabu ya figo zilizokufa, karibu kwa kila mtu. Kamati ikakosa kazi. Lakini nchi isiyo na pesa hizo haiwezi kulimaliza namna hiyo. Afrika Kusini, mwaka 1997, bwana Thiagraj Soobramoney wa Durban, mwenye umri wa miaka 41, alikwenda mpaka Mahakama ya Katiba kudai dialisisi. Alikuwa pia na kisukari na ugonjwa wa moyo, na hospitali ilikuwa imemkataa kwa sababu mashine chache iliwekea wale wenye matumaini zaidi. Majaji walimwonea huruma, ila wakakubaliana na hospitali. Alifariki siku chache baada ya hukumu.

Ndugu yangu mfanyakazi wa shirika, hapa usikasirike. Sisi pia tuna kamati. UNHCR ilitoa mwongozo wake wa rufaa za matibabu mwaka 2009, na ndani yake kuna kamati inayotazama kesi za gharama kubwa: ugonjwa gani, pesa kiasi gani, matumaini gani ya kupona. Mwaka 2014 jarida la Lancet Oncology lilichapisha habari za wakimbizi walioko Jordan na Syria. Kule Jordan, kati ya 2010 na 2012, maombi 511 ya kutibiwa saratani yalifika mbele ya kamati, na karibu nusu tu ndiyo yaliyokubaliwa. Sababu kubwa ya kukataa ilikuwa kwamba matumaini ni madogo.

Mimi siiweki kamati hii sawa na ile ya Seattle. Wale saba walipima mtu: wewe ni baba mzuri, wewe si kitu. Hii inapima ugonjwa. Kama pesa ni ya watu kumi na mgonjwa mmoja anaimaliza yote, mtu lazima aulize. Nisiposema hivyo nitakuwa nasema uongo kwa sababu tu uongo huo unapendeza masikio yetu sisi wa kambini. Linalonisumbua ni kwamba jibu la kamati linafika kwetu kama mvua au jua. Hakuna sababu, hakuna mtu wa kuuliza, mara nyingine hata karatasi hakuna. Soobramoney alishindwa, lakini alishindwa mbele ya watu, na sababu zikaandikwa, na mpaka leo wanasheria wanazibishania. Hiyo nayo ni haki ya namna fulani.

Hata hivyo nafikiri wale wanaofunga mlango, na wale wanaokaa kwenye kamati, wote wanatazama mahali pamoja: mwisho wa njia. Mashine. Kana kwamba ugonjwa wa figo unaanza siku unapohitaji mashine.

Hapo ndipo kazi ya mtafiti mmoja wa Uganda ilinifungua macho. Anaitwa Robert Kalyesubula, daktari bingwa wa figo na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Kazi yake ina miguu miwili. Mguu mmoja uko Nakaseke, sehemu ya ile Luweero iliyoungua kwa vita miaka ya 1980, ambako alianzisha shirika la ACCESS linaloendesha shughuli za afya vijijini na shule ya wauguzi na wakunga. Mguu wa pili uko kwenye swali linaloonekana dogo: tunajuaje kwamba figo za Mwafrika zinafanya kazi?

Swali hilo si dogo hata kidogo. Kwa kawaida hospitali haipimi figo yenyewe. Inapima kitu kinachoitwa kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli na kubebwa na damu. Figo nzuri inaitoa nje, figo mbovu inaiacha ijae. Kisha namba hiyo inaingizwa kwenye fomula pamoja na umri na jinsia, na jibu linasema figo zako zina nguvu kiasi gani. Fomula hizo zilitengenezwa zaidi kwa watu wa Marekani na Ulaya. Na mbili kati ya zile zilizotumika sana, ya 1999 na ya 2009, zilikuwa na kipengele cha rangi: kama mtu ni mweusi, zidisha. Ile ya 2009 ilikuongezea karibu asilimia 16 ya nguvu ya figo kwa sababu tu ya ngozi yako. Hoja yao ilikuwa kwamba Wamarekani weusi walionekana kuwa na kreatinini nyingi kuliko weupe wenye figo sawa. Mwaka 2021 Marekani yenyewe ikaachana na kipengele hicho.

Kalyesubula na wenzake wa Malawi na Afrika Kusini wakafanya jambo gumu zaidi. Badala ya kubishana kuhusu fomula, walikwenda kupima. Kwa upande wa Uganda walifanya kazi na wanavijiji wa Kyamulibwa, kusini magharibi ya Kampala, ambako uchunguzi wa afya za watu umeendelea tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtu alidungwa dawa inayoitwa ioheksoli, ambayo mwili hauitumii kwa lolote, figo inaitoa tu. Halafu damu ikachukuliwa mara kadhaa kwa saa kadhaa, kuona dawa inapungua haraka kiasi gani. Hicho ndicho kipimo chenyewe cha figo, si makisio. Walipima hivyo watu zaidi ya 2500 katika nchi tatu, na matokeo yakatoka katika Lancet Global Health mwaka 2022. Fomula za kreatinini zilikuwa zinawasifu watu figo wasizokuwa nazo. Wakirekebisha hesabu, wenye figo dhaifu katika jamii wanakuwa zaidi ya mara mbili ya wale fomula ilikuwa inawaona.

Kwa nini? Sehemu kubwa ni mwili wenyewe. Kreatinini inatoka kwenye misuli, na kidogo kwenye nyama unayokula. Mtu mwembamba, asiyeona nyama, anatengeneza kreatinini kidogo tangu mwanzo. Kwa hiyo figo zake zinaweza kuwa zinakufa na damu yake ikaonekana safi. Daktari anatazama karatasi, anatabasamu, anasema uko sawa, nenda nyumbani.

Soma tena hapo, wewe unayekaa Lobule, Imvepi au Rhino Camp. Julai 2023 wakimbizi wa Uganda tuligawanywa katika makundi matatu ya mgao wa chakula, kundi la tatu likaondolewa kabisa. Mei 2025 WFP ikapunguza tena, na karibu watu milioni moja wakakosa. Tunajua miili yetu imefanya nini tangu hapo, suruali zinasema. Maana yake ni kwamba njaa yenyewe inaweza kuficha ugonjwa. Tumbo likikosa, misuli inapungua, kreatinini inapungua, na karatasi inatoa habari njema kwa mtu ambaye hapaswi kuipata. Nilipoelewa hili nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe muda, kwa sababu lilinigusa kuliko hotuba zote za haki za binadamu nilizohudhuria. Tumezoea kuhesabiwa vibaya na watu. Sikujua kama damu yako mwenyewe inaweza kukuhesabu vibaya.

Sasa turudi kwenye swali la kijana mmoja wa kikundi chetu, aliyeniuliza kwa sauti ya kukata mzizi: nikijua, nitafanya nini? Nilimjibu kwa historia ya kidonge. Mwaka 1993 nchini Marekani wagonjwa 409 wa kisukari walioanza kuharibika figo waligawanywa, wengine wakapewa kaptoprili, wengine kidonge kisicho na kitu, huku presha ya wote ikitunzwa. Waliotumia kaptoprili walipunguza karibu nusu hatari ya kufa, kuhitaji dialisisi au kupandikizwa. Nusu! Na kaptoprili si mashine ya Kampala. Ni kidonge cha zamani, cha bei ndogo, ambacho mganga wa kituo cha afya anakijua, ingawa si cha kujinunulia, maana kina hatari zake, hasa kwa mjamzito. Pamoja nacho kuna presha kudhibitiwa, sukari kudhibitiwa, chumvi kupunguzwa, na kuacha diklofenaki.

Hii ya diklofenaki naomba niikalie kidogo. Hapa kwetu mtu akiumwa mgongo baada ya kulima, anapita duka la dawa sokoni ananunua diklofenaki kama pipi, tena kesho, tena kesho kutwa. Kwa mtu mwenye figo nzima, kwa siku chache, haina shida kubwa. Kwa mtu ambaye figo zake zimeshaanza kuchoka, au ana presha, au amekaukiwa maji juani siku nzima, ni kama kumpiga ng'ombe aliyelemewa. Huyo hawezi kujua kwamba yeye ndiye ng'ombe huyo mpaka apimwe. Kile kikaratasi cha mkojo kinachoonyesha protini kinafanya kazi bila kreatinini, bila fomula, bila kujali unene wako. Ukiona protini inapita mara kwa mara, kichujio kina tundu, na bado una miaka ya kufanya kitu.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba wanaofunga mlango wamejibu swali la mwisho wa njia, wakati anayepiga hodi amekuja kuuliza swali la katikati yake. Kati ya figo nzima na mashine mara nyingi kuna miaka kumi, hata ishirini. Ni miaka hiyo inayopotea mlango ukifungwa.

Lakini sitaki kudanganya, hoja yao haijaisha. Kuna ambao watapimwa na kukutwa wamefika mwisho. Kwa huyo, kidonge kimechelewa, na kamati pengine itasema hapana. Je, yeye tumemtendea haki kwa kumwambia? Hapa nimebadilisha mawazo mara mbili tatu. Kuna wakati niliona ni ukatili. Kilichonigeuza ni habari ya Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993. Walitengeneza mofini ya kunywa kwa bei ambayo maskini anaiweza, na mwaka 2004 Uganda ikaruhusu hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika. Nchi nyingi tajiri hazikuwa zimefika hapo. Maana yake kusema "hakuna tiba" si sawa na kusema "hakuna cha kufanya". Mtu anayekufa kwa figo anawashwa mwili mzima, anakosa pumzi, anatapika, na mengi ya hayo yana dawa. Kama hajui anaumwa nini, atazunguka kwa waganga, atauza mbuzi wa watoto, atakufa akiamini jirani amemroga, na ugomvi huo watoto wataurithi. Ukweli hauponyi, ila unaweza kumwachia mtu mbuzi wake na majirani zake.

Na sharti. Kipimo ni haki pale tu anayepima anarudi. Miaka kadhaa iliyopita walikuja watu fulani kwenye zoni yetu, sitasema wa wapi, wakachukua damu ya watu wengi asubuhi nzima, wakagawa sabuni, wakaondoka. Mpaka leo hatujaona majibu. Wazee wanaikumbuka ile siku kwa jina: siku ya sabuni. Halafu tunashangaa milango inafungwa. Kwa maoni yangu hakuna kazi ya kuhamasisha ninayoweza kuifanya na vijana wangu itakayofuta jambo hilo. Nyinyi mnaoandika miradi, kabla ya kuweka idadi ya watakaopimwa, wekeni idadi ya watakaorudishiwa majibu mkononi, kwa lugha wanayoielewa, na jina la kituo kitakachoendelea nao baada ya mradi kwisha. Kama hiyo ya pili hamna, ile ya kwanza ni sabuni.

Wala msituambie kwamba West Nile haiwezi utafiti wa namna hiyo. Hospitali ya Kuluva, hapo tu nje ya Arua, ilikuwa na ndugu wawili madaktari wamisionari, Ted na Peter Williams. Ted ndiye aliyesafiri na Denis Burkitt mwaka 1961, yeye na mwenzao wa tatu, kwa gari kukuu mpaka kusini mwa Afrika, wakifuata nyayo za uvimbe wa taya unaoua watoto. Lakini kitu ninachokipenda zaidi kuliko safari ile ni daftari. Ted aliandika kila mtoto wa West Nile aliyeletwa na uvimbe huo, ametoka kijiji gani, mwezi gani. Kutoka kwenye kumbukumbu hizo likatoka andiko katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1967, likionyesha kwamba kesi za 1961 hadi 1965 zilikuwa zinakuja kwa mafungu, mahali fulani, wakati fulani. Wanasayansi wa dunia wakapata swali jipya la kufuatilia. Na wale watoto hawakuhesabiwa tu: uvimbe huo ulikuwa mmoja wa saratani za kwanza kuonekana unayeyuka kwa dawa. Daftari na matibabu vilikaa jengo moja. Nakaseke nayo, nikiielewa vizuri, ni wazo hilo hilo kwa figo.

Sisi kikundi cha vijana hatuna ioheksoli. Tuna mashine moja ya presha tuliyoazimwa na daftari la kurasa mia moja na ishirini. Namba haziandikwi na jina la mtu nje ya daftari hilo, na asiyetaka hapimwi. Hili la kutotaka tumelijadili sana. Wengine kwenye kikundi walisema tuwasukume kidogo, kwa faida yao. Mimi nimekataa. Mtu aliyekimbia nchi yake, akaandikishwa, akapigwa picha, akachukuliwa alama za vidole na za macho, akapangwa kwenye kundi la mgao, abaki na kitu kimoja ambacho ni yeye anayeamua kama kitajulikana.

Kuna mzee mmoja ambaye ametukataa mara nne. Ana miaka sitini na kitu, miguu inavimba jioni, na anajua tunachofikiria. Mara ya tano sikubeba mashine. Tulizungumza habari za mpira na za mihogo, na nilipokuwa naondoka nikamweleza tu kuhusu diklofenaki, bila kumuuliza kitu. Akasikiliza. Wiki mbili baadaye mwenye duka la dawa akaniambia, kwa kulalamika kidogo, kwamba mzee haji tena, siku hizi mgongo anaukanda kwa maji ya moto. Presha yake mpaka leo hatuijui.